Bibi aliiona safura kwenye sinema

Mtoto wa dada yangu ana miaka 6. Mwezi uliopita nilipokwenda Bagamoyo kuwasalimia, nilimkuta amekaa kivulini wenzake wakicheza, viganja vimempauka. Dada akaninong'oneza kwa aibu kuwa mtoto anabandua udongo wa ukutani na kuula. Alishamchapa mara mbili.

Tukampeleka zahanati. Kipimo cha choo kikaonyesha minyoo ya safura, na damu yake ilikuwa imepungua. Mtoto aliyepungukiwa damu anaweza kutamani udongo. Huo si utundu, na fimbo haiutibu.

Tuliporudi nyumbani, Bibi akatikisa kichwa. "Safura? Mbona tulionyeshwa kwenye sinema, mimi bado mtoto!"

Anakumbuka gari la serikali likifika jioni, kitambaa cheupe kikitundikwa, na watu wote wakikaa chini kutazama bure.

Sinema hizo zina historia ndefu, na sehemu yake ilianzia hapa kwetu. Mwaka 1935, chini ya utawala wa Waingereza, studio ndogo ilifunguliwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga. Aliyeisimamia ni Meja L. A. Notcutt, mtu wa mashamba ya mkonge, na fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi 35 hivi. Wenyeji ndio walioigiza, na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalichezwa kwenye santuri. Mojawapo ilihusu safura.

Mwaka 1939 Uingereza ikaunda kitengo cha filamu za makoloni jijini London, chini ya William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya Nigeria. Yeye na wenzake waliamini kuwa Mwafrika anahitaji picha zinazokwenda polepole, bila madoido, la sivyo hataelewa. Kitengo hicho kilifungwa mwaka 1955. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 Tanganyika ilikuwa na filamu zake za Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu, mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu.

Nilimuuliza Bibi kama kweli walikuwa hawaelewi. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Kuelewa tulielewa, mjukuu wangu. Kesho yake baba akachimba choo. Masika yalipokuja, kikatitia. Akachimba kingine, nacho kikatitia. Hapa ni mchanga. Yule wa kwenye sinema alichimba kwenye udongo mwekundu."

Nikatoka uani kutazama choo cha dada. Kilititia masika yaliyopita, na tangu hapo watoto huenda kichakani nyuma ya nyumba, miguu mitupu. Safura haitaki zaidi ya hapo. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye ardhi yenye unyevu na kivuli, kisha viluwiluwi hupenya ngozi ya mguu. Husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu wa pwani, ukimwona mtoto amepauka, amechoka, au anakula udongo, weka fimbo chini umpeleke akapimwe. Siku ya dawa za minyoo shuleni, hakikisha hakosi. Mama mjamzito asijinunulie dawa dukani. Aulize kliniki, kwani upungufu wa damu ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Viatu visiwe vya sikukuu tu.

Na choo cha mchangani kinataka kuta hadi chini: matofali, au hata mapipa matupu yaliyokatwa vitako. Pale ambapo maji yako juu, kisichimbwe kirefu. Kiinuliwe juu ya ardhi. Kama fedha hazitoshi, majirani wawili watatu waanze na kimoja.

Wiki hii dada amenunua matofali ya kwanza 40. Mtoto amemeza dawa ya minyoo na anaendelea na ya kuongeza damu. Bibi amejiteua msimamizi wa ujenzi. Anasema ya sinema amesubiri vya kutosha.