Tukichangia Familia za Wanajeshi, Tuonyeshwe Daftari

Januari 15, 2016, al-Shabaab walivamia kambi ya KDF kule El Adde, Somalia. Wakati huo nilikuwa shule ya upili hapa Garissa. Siku chache baadaye meseji zikaanza kuzunguka mtaani: tuma chochote kwa nambari hii, ni ya wajane wa askari wetu. Nikatuma bob mia mbili, pesa yangu ya nauli. Nikajibiwa "asante, Mungu akubariki". Hadi leo sijui pesa ile ilimfikia nani.

Sisemi iliibwa. Nasema sijui, na shida yenyewe ndiyo hiyo.

Wakenya tukiguswa, tunatoa. Tulitoa 2011 kwenye Kenyans for Kenya wakati wa ukame, tukatoa 2013 baada ya Westgate. Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu walitoa damu, blanketi na pesa. Mkono mfupi si ugonjwa wetu. Ugonjwa wetu ni kutoa halafu kusahau kuuliza.

Kwa wanajeshi, kuuliza ni kugumu zaidi. Ukigusa mchango wa familia za askari unaonekana huna shukrani. Na ukiwa kijana Msomali wa Garissa, wasee, utaitishwa kitambulisho kabla hujamaliza swali. Basi watu wananyamaza. Mtu mwenye nia mbaya hapendi kitu kama kimya hicho.

Angalia wenzetu. Mwezi ule ule wa El Adde, vyombo vya habari vya Marekani viliimulika Wounded Warrior Project, shirika kubwa la kusaidia wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Iliripotiwa kuwa mwaka wa 2014 lilitumia kama dola milioni 26 kwa mikutano na makongamano. Shirika lilijitetea kwamba sehemu kubwa ya gharama hizo ilikuwa ya kuwahudumia wanajeshi wenyewe. Hata hivyo, kufikia Machi 2016 wakuu wake wawili walikuwa wamefutwa kazi, na michango ikaporomoka. Aliyeumia ni nani? Ni yule askari asiye na mguu, ambaye hakualikwa hata kwenye kongamano moja.

Uingereza nako, mzee Captain Tom Moore, mwanajeshi mstaafu, alizunguka bustani yake 2020 akachangisha karibu pauni milioni 39 za hospitali. Pesa hizo hazikuwa na doa. Lakini wakfu ulioanzishwa baadaye kwa jina lake ulichunguzwa, na ripoti ya Novemba 2024 ikasema familia yake ilijinufaisha. Jina zuri halikutosha kulinda pesa.

Najua kuna atakayesema mambo ya jeshi ni siri. Sawa, mahali kikosi kilipo na silaha zake ni siri. Mchango wangu wa bob mia mbili si siri ya vita. Isitoshe, baada ya El Adde tulikaa miaka bila serikali kutupa idadi rasmi ya waliokufa. Kama hujui familia ni ngapi, utajuaje kama pesa zilizochangwa zilitosha?

Tena tusiwe wakali bila akili. Shirika lina kodi ya ofisi, lina mhasibu wa kulipwa. Gharama si wizi. Wizi hujificha pale gharama hazitajwi.

Sheria ipo. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, inayataka mashirika yaliyosajiliwa kutoa ripoti ya kazi na hesabu zao. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari. Lakini nambari ya simu ya mtu binafsi inayorushwa WhatsApp usiku haina ripoti wala mkaguzi. Mlinzi pekee hapo ni wewe.

Kwa hivyo, kabla hujatuma, uliza mambo matatu: mchango umesajiliwa kwa jina la nani? Zimeingia pesa ngapi? Familia ngapi zimepata, na ngapi zimebaki ofisini? Hakuna haja ya kuanika majina ya wajane, tarakimu zinatosha. Nawe admini wa grupu, mchango ukifungwa, weka stetimenti ya M-Pesa hapo kila mtu aione. Haitakuchukua dakika tano.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuuliza si kumdharau askari. Yeye alitoa uhai. Sisi tunashindwaje kufuatilia mia mbili hadi imfikie mtoto wake?