Mkono Ndio Unaopiga, Dini Inasingiziwa



Yako maneno tunayasikia sana siku hizi, kwenye simu na hata barazani: kwamba dini ndiyo mzizi wa dhulma zote duniani, na kwamba mwanamke wa Kiislamu anapigwa kwa sababu Kitabu chake kimeruhusu. Leo tuyazungumze bila ya kuoneana haya, maana yanatuhusu sisi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani ameshafanyiwa ukatili wa kupigwa au wa kingono. Humo wamo Waislamu, wamo Wakristo, wamo Wahindu, na wamo wasiokuwa na dini kabisa. Ingekuwa dini ndiyo inayopiga, basi nyumba zisizosali zingekuwa na amani. Hazina.

Lakini tusijitoe upesi hivyo. Wapo wanaume wanaopiga, kisha wakiulizwa wanaitaja aya ya 34 ya Suratun-Nisaa kama dereva anayetoa leseni mbele ya askari. Sisi washonaji tunayaona. Mtu anakuja kupimwa nguo ya Idi, futi ikipita begani anashtuka. Akivua baibui, alama hizo. Ukimuuliza anakujibu, "Si mume wangu? Dini imempa haki." Hapo ndipo tunapokataa. Mkono umetangulia, aya imeitwa baadaye ije kuusafisha.

Dini hiyo hiyo imesema mengi ambayo mpigaji hayataji. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka zama za Matabiina, aliisoma aya hiyo hiyo na bado akasema mume asimpige mkewe, ende zake na hasira zake. Na wanavyuoni walioruhusu waliweka mipaka: asiguse uso, asiumize, asiache alama. Basi zile alama tunazoziona sisi zimetoka kwa nani?

Maharusi wetu, hapa mtusikilize vizuri. Fatima bint Qays aliposwa na wanaume wawili, Muawiya na Abu Jahm, akenda kutaka shauri kwa Mtume (S.A.W.). Akaambiwa kwamba Muawiya hana mali, na Abu Jahm ni mtu asiyeishusha bakora begani. Katika mapokezi mengine ndani ya Sahih Muslim imetajwa wazi kuwa ni mpiga wanawake. Akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd, na ndoa ile ikawa na kheri. Hakuambiwa, "Olewa tu, atabadilika." Alionywa kabla.

Na aliyekwishaolewa? Abu Daud amepokea kisa cha Habiba bint Sahl, aliyepigwa na mumewe Thabit bin Qays mpaka akavunjwa. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) asubuhi mapema. Mume akaitwa, akarejeshewa mahari yake, nayo ni mabustani mawili, na wakaachana. Hakuambiwa arudi akaisitiri nyumba.

Kwa hiyo lawama tuiweke pahala pake. Kwanza ni ya anayepiga. Pili ni ya jamaa wanaomrudisha binti yao akiwa amevimba, wakamwambia ndoa ni kuvumilia. Subira ni ibada, lakini kumsaidia dhalimu aendelee na dhulma yake hakujawahi kuitwa subira. Kila anayemrudisha anawapa wenye kuilaumu dini yetu ushahidi wa bure.

Tunapopokea posa tunauliza kazi, ukoo na mahari. Tuulize na hasira zake. Waulizwe majirani, aulizwe mke aliyemwacha kama yupo. Masomo wanaomfunda biharusi singo, udi na mapishi wamfunde pia kwamba mwili wake ni amana ya Allah, na kwamba Mahakama ya Kadhi ipo, na khului na faskhi ni milango ya sheria, mwanamke hafedheheki kwa kuipita. Aliyepigwa asione haya kwenda Kituo cha Mkono kwa Mkono pale Hospitali ya Mnazi Mmoja. Atatibiwa, na kesi yake itapokewa.

Tunawashonea maharusi magauni ya kung'aa, na kila tukifunga kifungo cha mwisho tunaomba Allah ampe mume atakayemtunza. Dua hiyo tuifuatishe na kuuliza. Allah awalinde mabinti zetu, awape waume wenye kumcha Yeye hadharani na chumbani, na awape waliomo kwenye tabu njia ya kutokea. Aamin.