Nywele nyekundu hazitoki kwa jirani

Wazazi wenzangu, kila baada ya muda huzuka uvumi mitandaoni kwamba watu wenye nywele nyekundu, ambao ni wengi zaidi Uskoti na Ireland, watakwisha duniani. Hawaishi ng'o! Nywele hizo hutokana na kinasaba kiitwacho MC1R, kilichohusishwa nazo mwaka 1995, na kwa kawaida mtoto huzipata akirithi nakala iliyobadilika kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyerithi moja tu anaweza kuwa na nywele za kahawia au nyeusi, asijue alichobeba, na bado akakirithisha kimya kimya hadi kwa wajukuu. Kilichojificha hivyo hakifutiki kirahisi.

Huku kwetu ualbino nao hurithiwa kwa mtindo huohuo, ingawa kinasaba ni kingine. Baba na mama wasio na ualbino, lakini wote wawili wamekibeba, kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo baba anayemgeuka mkewe akiwa bado wodini, eti "huyu si wangu", hajui kwamba nusu ya kilichosababisha hali hiyo kwa kawaida imetoka kwake.