Sambaza Hula Usiku

Alfajiri, mitumbwi inaporejea ufukweni Rusizi, kusini mwa Ziwa Kivu, sambaza huteremshwa wakiwa wangali wabichi, waking'aa kama fedha. Wachuuzi huwapeleka sokoni Kamembe, na mafungu mengine hupandishwa vilimani hadi Gashonga, ambako katika nyumba nyingi samaki huyu wa urefu wa kidole ndiye kitoweo cha watoto. Mama anayemnunua saa nne za asubuhi huenda akakuta matumbo ya baadhi yao yamekwisha kupasuka. Aghalabu lawama humwangukia mchuuzi. Mchuuzi ana sehemu yake, ikiwa amewaacha juani. Lakini sehemu kubwa ya sababu imo katika kile alichokula samaki saa chache kabla ya kunaswa.

Sambaza, ambaye wenyeji wa Kigoma humwita lumbu, ni jamaa ya dagaa. Hutafuta chakula kwa macho, na chakula chake hasa ni vidudu wadogo mno waeleao majini. Mchana vidudu hao hushuka kwenye kina chenye giza, na sambaza hushuka nao kwa makundi, wakiepuka pia midomo ya ndege. Jua likichwa, wote hupanda juu. Hapo ndipo karamu inapoanza, na huwa kubwa zaidi wakati wa magharibi na kabla ya mapambazuko.

Wavuvi wa Kivu wameijua tabia hiyo na kuitumia. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukateremshwa chini yake, kisha taa zikawashwa. Mwanga huvuta vidudu wa majini pamoja na wadudu warukao, na sambaza hufuata kula. Usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu hiyo, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi hubaki nyumbani.

Basi sambaza hunaswa akiwa ameshiba. Baada ya kufa, maji ya tumbo lake yanayosaga chakula huendelea na kazi, na yakiisha kusaga vidudu hugeukia nyama ya tumbo lenyewe. Ndiyo maana samaki huyu hasubiri. Yafaa aoshwe mara afikapo nyumbani, akaangwe kabla ya adhuhuri, au atiwe chumvi na kuanikwa juu ya chanja, si chini ambako atabeba mchanga.

Lakini yako mengine yapasayo kujulikana kuhusu mlo wake. Kivu si bahari, wala si kama vidimbwi vya chumvi vya pwani ambako mwatiko hula mwani wa matopeni. Hata hivyo maji yake yana chumvi. Juu ni kiasi cha gramu moja kwa lita, na chini kabisa hukaribia gramu sita. Maji hayo mazito ya chini yamejaa gesi, hayana hewa ya kuvuta, na hakuna samaki awezaye kuishi humo. Rutuba nyingi ya ziwa imelala huko, haipandi juu ila kidogo kidogo. Kwa hiyo meza ya sambaza ni nyembamba, japokuwa ziwa ni kubwa.

Tena yeye mwenyewe ni mgeni. Zamani hapakuwa na samaki aliyekula vidudu wa katikati ya ziwa, ndipo kati ya 1958 na 1960 wataalamu wa Kibelgiji wakaleta samaki wachanga kutoka Ziwa Tanganyika. Walistawi. Mwaka 1986 mtaalamu Henri Dumont aliandika kwa hofu kwamba mgeni huyo alikuwa ameangamiza kiroboto mkubwa wa maji, na kwamba ziwa lingeharibika. Kiroboto huyo alitoweka kweli. Sambaza hakutoweka: aligeukia vidudu wadogo zaidi na wadudu waangukao majini, na wakubwa wao hula hata vifaranga vya jamaa yao wenyewe. Mwaka 2006 alionekana samaki mwingine wa Tanganyika, na sasa wawili hao wanagombea chakula kile kile.

Vifaranga hao hukulia kandokando, kwenye maji mafupi. Hapo ndipo wavu haramu wenye matundu madogo sana, uitwao kaningini, unapotegwa, na ndoo moja ya vifaranga ni magunia yaliyopotea. Kwa sababu hiyo Rwanda hufunga uvuvi wa Kivu kila mwaka, kwa kawaida miezi miwili hivi, na askari wa majini hukesha wakizunguka. Si kazi ya kushangiliwa. Wako wanaosema askari anawanyima watoto mboga, ilhali yeye mwenyewe huenda ana mtoto nyumbani anayeulizia mboga hiyo hiyo.

Akina mama wa vilimani hujiwekea akiba mapema. Sambaza waliokauka barabara, wakiwekwa mahali pasipo na unyevu, hukaa majuma kadhaa. Siku ya kupikwa huchambuliwa, huoshwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili, kisha hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, wakaliwa na mifupa yao kwa ugali wa muhogo au wali wa Bugarama. Wa mtoto anayeanza kula hutwangwa wakawa unga, na kijiko kimoja hutiwa katika uji ungali motoni.