Eti mpangaji astahamili?

Kwenye kipindi kilichopita tuliwasifu wazee wetu wanaonunua nyumba za kupangisha hapa Uingereza. Sawa, wanastahiki. Lakini kuna swali tuliliruka: nyumba ikishanunuliwa, kisha mabomba yakaonekana mabovu, nani abebe mzigo?

Nawapa mfano wa ami yangu. Kanunua nyumba ya zamani Leicester, zile za matofali zilizoshikana safu nzima. Ukoo umechanga pesa za kuanzia. Jiko jipya, rangi nyeupe, vigae vinang'aa. Mwezi wa pili mpangaji anapiga simu: wakiflashi choo cha juu, maji meusi yanapanda kwenye beseni la kuogea la chini. Fundi akaingiza kamera kwenye bomba la maji taka. Kumbe ni mabomba ya udongo wa kuchoma, yamepasuka kwenye maungio, na mizizi ya mti imejaa ndani kama nywele.

Nyumbani wote wakamlaumu mkaguzi. Mimi simlaumu. Ukaguzi wa kawaida wa nyumba huku ni wa kuangalia kwa macho. Mtu hang'oi sakafu wala haingizi kamera ardhini. Kamera unailipia mbali, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuchimbua ua mzima. Lakini sisi bwana, tunapenda kulipia kile ambacho wageni watakiona.

Hata hivyo kilichoniudhi si bomba. Mpangaji ni mama wa kwetu, ana watoto watatu, na ami akamwambia, "Stahamili kidogo dada'angu, sisi si ni ndugu?" Hiyo kidogo sasa ni wiki ya tano. Watoto wanaoga kwa ndoo, kodi inalipwa kamili. Yaani undugu upo kwenye kusubiri tu, kwenye kodi haupo.

Kwa England, Landlord and Tenant Act ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atengeneze mabomba ya maji, mabeseni, vyoo na mifereji ya maji taka ya nyumba yake. Haisemi "akijaaliwa". Wala haijali kama mpangaji anakuita kaka.

Najua mkopo wa benki unadai kila mwezi. Lakini bei ya nyumba ikipanda, faida ni ya ami na waliochanga. Yule mama hatapata hata senti. Basi na hasara ya bomba isiwe yake.

Na hapa ndipo tunapoingia sisi, maana sisi ndio tunaosoma mikataba na kuandika imeili kwa niaba ya wazee. Nilianza na kampuni ya maji, kwa sababu tangu Oktoba 2011 mabomba ya maji taka ya pamoja na majirani, au yaliyopita mpaka wa kiwanja, kwa kawaida ni jukumu lao. Haikusaidia, lililovunjika liko ndani ya ua na linatumiwa na nyumba hiyo peke yake.

Juzi ami kaniomba nimwandikie yule mama ujumbe mzuri wa kumpoza. Nikamwambia, kwa adabu zote, nipe tarehe ya fundi na kiasi cha kodi unachomrudishia, nitaandika sasa hivi. Bado nasubiri jibu.