Chasisi ya Lori Letu: Tuingie Mvunguni Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mmekuwa mkituuliza, msikitini, gatini na kwenye vituo vya kuuzia karafuu, jambo la lori letu limefika wapi. Jawabu ni kwamba kichwa tunacho, mafundi tunao na fedha kidogo tunazo. Tusichokuwa nacho ni chasisi, na juu ya chasisi hiyo wanachama wamegawanyika makundi matatu. Kwa kuwa mkutano mkuu u karibu, na fedha zitakazotumika ni zenu, tumeona ni wajibu wetu kueleza hapa rai yetu na sababu zake, ili kila mtu aje mkutanoni akiwa na la kusema.

Kwanza tukumbushane. Lori lenyewe ni Bedford ya namna ya S, lori la Kiingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1950, la tani 7, lenye injini ya petroli ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.9. Halina pua. Dereva hukaa mbele kabisa, na injini imo ndani ya kichwa, kati yake na utingo, chini ya kifuniko cha bati. Wazee wetu walilipenda kwa sababu lori lisilo na pua hupata nafasi kubwa ya mzigo bila ya kuwa refu, na katika njia zetu za mashamba, zenye vilima, kona na mikarafuu kila upande, lori fupi ni neema.

Leo kilichobaki cha lori lile ni kichwa, milango yake miwili, taa na kile kifuniko cha injini. Kichwa kilisalimika kwa kuwa kiliwekwa ghalani juu ya magogo. Chasisi, yaani yale machuma mawili marefu yanayobeba kila kitu, ilikaa nje ikala mvua na upepo wa chumvi, na sasa ukiikanyaga yamong'onyoka. Mkutano uliopita uliamua kwamba kichwa kile kitiwe juu ya chasisi ya gari jingine, na lori lirudi kazini. Uamuzi ule twauheshimu, na bura yetu hatuibadili na rehani. Walakini nguo nzuri ikishonwa kwa uzi mbovu, huachia pale pale inapovutwa.

Nasi uzi mbovu tumeshawahi kuununua. Wanachama wa siku nyingi hawajasahau kwamba hii si chasisi ya kwanza kutafutwa. Ile ya kwanza tulinunua kwa mtu aliyetuonyesha chuma kilichopakwa rangi nyeusi inayong'ara. Sisi tulioandika makala hii ndio tuliotia saini. Hatukuingia mvunguni, wala hatukumchukua fundi. Ilipofikishwa, fundi aliigonga kwa nyundo mara moja tu karibu na kishikio cha springi, na nyundo ikaingia ndani. Fedha haikurudi. Msimu ule tulitegemea magari ya kukodi, na usiku ambao gari halikuja, karafuu mbichi za wanachama kadhaa zililala chunguni. Kila mkulima ajua kwamba karafuu mbichi zikirundikwa hupata moto, na rangi yake huharibika hata zikianikwa vizuri baadaye. Waliouza kwa daraja la chini wanajijua, nasi twawajua. Hatusemi haya kwa kujilaumu tu, bali kwa sababu khasara ile ndiyo skuli tuliyosoma.

Sasa tuje kwenye rai zilizopo. Kundi la kwanza lasema tununue chasisi ya pikapu, kwa kuwa ni rahisi na zipo nyingi. Ndugu zetu, rahisi huvunja upishi. Pikapu za kawaida zimetengenezwa kubeba kama tani moja, na springi zake, ekseli zake na breki zake zimepimwa kwa uzito huo. Tukisema gunia lina kilo 50, basi magunia 60 ni tani 3. Na hizo ni karafuu kavu. Mbichi ni nzito zaidi, kwani kilo tatu za mbichi hutoa kama kilo moja tu ya kavu. Tena pikapu ni nyembamba. Magurudumu yake yataingia ndani ya matao ya kichwa chetu, na lori litakuwa kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto. Hilo si jambo la sura peke yake: gari la kichwa kipana na mzigo mrefu likisimama juu ya magurudumu yaliyokaribiana, huyumba konani.

Kundi la pili lataka chasisi ya lori lenye pua, kwa kuwa wamelipenda injini yake na nguvu zake. Nguvu hatuzikatai. Lakini katika lori lenye pua, injini imekaa juu mbele ya dereva, na fimbo ya usukani hulala kumfuata dereva nyuma. Katika lori lisilo na pua fimbo ya usukani husimama, na pedeli huwa mbele ya ekseli au juu yake. Kutia kichwa chetu juu ya chasisi ile kwataka ama kukiinua kichwa mpaka kipite injini, ama kuirudisha injini nyuma, ndipo giaboksi irudi, na shafti ikatwe. Usukani utataka viungo vipya, breki zitataka njia mpya, na gia zitataka fimbo mpya. Kila kiungo kipya kilichotengenezwa karakanani ni mahali papya pa kuachia, na mahali pabaya kabisa pa kuachia ni kwenye mteremko, na watu wako juu ya magunia.

Rai yetu sisi ni ya kundi la tatu: tutafute lori la Kijapani lisilo na pua, ambalo kichwa chake kimepondeka au kimeliwa na kutu, lakini chini yake ni zima. Isuzu wametengeneza malori ya namna hii, yanayoitwa Elf, tangu mwaka 1959, na Mitsubishi wametengeneza Canter tangu mwaka 1963. Usukani wake u kulia kama wetu, umesimama pale tunapoutaka. Injini imelala chini kati ya machuma. Fimbo ya gia imekwisha pangwa kwa dereva aliyekaa mbele. Na vipuri vyake kila fundi wa kisiwani avijua. Malori haya hutoka kwa upana wa namna mbili, mwembamba na mpana. Sisi tuchukue mpana, wenye magurudumu mawili mawili nyuma, ili matao ya kichwa chetu yajae.

Huko Marekani wapo watu wengi wanaofufua malori yasiyo na pua ya Ford, Chevrolet na GMC ya miaka ya 1930 na 1940 kwa njia hii hii ya kuazima chasisi. Wengine hutumia ya pikapu, wengine ya Isuzu. Tusiwaige bila ya kufikiri, maana malori yao mengi ni ya maonyesho, na lori la maonyesho halibebi kitu illa sifa. Letu litabeba jasho la watu, na mara nyingi litawabeba watu wenyewe.

Hatutaki kuwaficha taabu zilizomo katika rai yetu. Ya kwanza ni uzito. Bedford yetu ilikuwa ya tani 7. Chasisi ya lori la tani 3 au 4 haitageuka kuwa ya tani 7 kwa kuvishwa kichwa kikubwa. Hatuna budi kukubali mzigo mdogo, na kuuandika mlangoni kwa rangi, ili asitokee mtu kusema, zamani lilibeba zaidi. Ya pili ni injini. Malori haya ya Kijapani hubinua kichwa mbele fundi anapotaka kuifikia injini, lakini kichwa chetu hakibinuki. Fundi lazima aamue mapema, ama atatengeneza bawaba madhubuti na kufuli lake, ama atakipanua kile kifuniko cha ndani mpaka mkono upite. Jambo hili likiachwa mpaka kichwa kimeshafungwa, kila safari ya kubadilisha mkanda itakuwa safari ya kufungua lori zima. Ya tatu ni umeme. Mengi ya malori haya hutumia volti 24, na taa zetu za zamani zikiwa za volti 12 zitaungua siku ya kwanza. Balbu ni bei ndogo, lakini yataka kukumbukwa.

Breki zetu zibaki zote za gari moja, tangu pedeli mpaka gurudumu. Injini ya diseli haivuti hewa kama ya petroli, kwa hiyo huwa na pampu yake ndogo ya kusaidia breki. Mtu akiibadilisha injini akaisahau pampu ile, dereva atakanyaga kwa nguvu zake zote na gari lisisimame. Na kama lori tutakaloliona lina breki ya ekzosi, basi ni kheri juu ya kheri kwa vilima vyetu.

Namna ya kuchagua ni hii. Kipimwe kichwa chetu kwanza, kabla ya kwenda kuangalia chasisi yo yote: upana wa miguu yake, nafasi kati ya tao na tao, na urefu kutoka sakafu mpaka chini ya kifuniko cha injini. Vipimo hivyo viandikwe karatasini, na karatasi iende sokoni pamoja na mnunuzi. Kwenye chasisi vipimwe upana wa machuma, nafasi kati ya magurudumu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Kisha ivutwe kamba kutoka pembe ya mbele kulia mpaka ya nyuma kushoto, na tena kinyume chake. Kamba zikipishana urefu, chasisi ile imepinda, na aghlabu ni kwa ajali. Halafu mtu aingie mvunguni na nyundo na brashi ya waya. Apekue kwenye vishikio vya springi, nyuma ya tangi la mafuta, na kila mahali ambapo chuma kimelaliana na chuma, kwani hapo ndipo maji ya chumvi yanapojificha. Chuma kizima hulia kikigongwa, kibovu hunyamaza. Na rangi mpya juu ya gari kuukuu tuione kuwa ni swali, tusiione kuwa ni uzuri.

Tena chasisi itakayonunuliwa iwe na urefu unaotufaa tangu mwanzo. Kukata na kuunga ni kazi ya mafundi wachache sana, kwani moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma pembeni mwa kiungo. Na pakihitajiwa matundu ya kufungia kichwa, fundi atoboe ubavuni mwa chuma. Asitoboe ubapa wa juu wala wa chini, maana hizo ndizo sehemu zinazovutwa na kubanwa na mzigo.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Mwanachama mmoja alituambia kwa nia njema kwamba tuchukue namba ya chasisi ya Bedford, tuigonge juu ya chasisi mpya, tuokoe gharama za usajili. Hatuwezi. Namba ile ndiyo jina la gari mbele ya sheria, na mwenye kuibandika juu ya gari jingine amesema uongo kwa nyundo. Likitokea ajali, lori litakuwa si lile lililoandikwa katika kadi, na watakaokosa haki yao ni maskini waliopanda juu ya magunia. Chasisi ije na kadi yake, namba iliyo juu ya chuma ilingane na iliyo katika kadi, na mabadiliko ya kichwa yapelekwe kwa wenye kusajili na kukagua vyombo vya moto yakaandikwe. Gharama yake italipwa na Chama, na sisi tutaiweka katika hesabu kila mtu aione.

Basi twauomba mkutano ukubali mambo matatu. Fedha yo yote isitolewe, hata ya arubuni, kabla fundi, dereva na mjumbe mmoja wa kamati hawajaingia mvunguni wote watatu. Vipimo vya kichwa na vya chasisi viletwe mbele ya kamati kwa maandishi. Na katibu asitie saini peke yake. Hili la tatu twaliomba sisi wenyewe, kwa sababu tuliwahi kuachiwa kalamu peke yetu, na khasara yake wengine waliilipa kwa karafuu zao.

Mwenye rai bora kuliko hii na aje nayo mkutanoni, tutamsikiliza. Msimu hautungoji, lakini ni bora lori lichelewe mwezi mmoja kuliko liwahi na kumwaga watu njiani. Inshallah litakaposhuka gatini na magunia yake, wazee walioliona likiwa jipya watalijua kwa uso wake, na vijana watalijua kwa kazi yake.

Wakatabahu,
Katibu wa Chama