Mkono wa Mwisho si Mkono Wenye Kosa

Gari likitoka garaji Jumatatu na kuanguka Jumatano, mji mzima umekwisha kukata hukumu kabla polisi hawajafika. « Fundi ndiye wa mwisho kuligusa, basi kosa ni lake. » Naye fundi hujibu kwa upesi uleule: « Hapa lilitoka zima. Shofere alikuwa amelewa. » Watu hugawanyika pande mbili, hutukanana, na mara nyingine kijana wa garaji hupigwa. Sisi twasema wazi: majibu hayo mawili ni uvivu mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia chuma.

Walimu wa zamani waliupa udanganyifu huu jina la Kilatini: post hoc, ergo propter hoc. Maana yake: hiki kimekuja baada ya kile, basi kimetokana na kile. Jogoo huwika, kisha jua hutoka. Lakini nani atasema jogoo ndiye alivuta jua? Hatusemi kwamba garaji hazina makosa. Zinayo, tena mengi. Twasema kosa litafutwe mahali lilipo, si katika kalenda.

Tutwae mfano. Kamionete imewekewa plaketi mpya za freni kule Bukavu. Kesho yake yateremka milima ya Ngomo kwenda Kamanyola, imejaa mizigo. Katikati ya mteremko kanyagio cha freni chazama mpaka chini, na gari laenda kupinduka. Baada ya saa tatu polisi wafika, wakanyaga freni: ngumu, nzuri kabisa. Basi wote wamwita shofere mwongo.

Kumbe yawezekana alisema kweli. Mafuta ya freni hunywa maji ya hewani, kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Kwa kipimo kilichowekwa, yale yaitwayo DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya digrii 205. Yakiisha kunywa maji, kipimo hicho hushuka mpaka 140. Shofere akikanyaga freni mfululizo katika mteremko mrefu, moto wake wafika huko. Mafuta yachemka na kutoa mvuke, mvuke wabanwa bure, na freni hazikamati. Zikipoa, mvuke hutoweka, na kanyagio husimama tena kama kwamba hakuna neno. Lakini kama fundi aliacha hewa ndani ya mirija, hewa hiyo haiondoki kwa kupoa: kanyagio hubaki laini hata asubuhi. Tazameni basi: kanyagio peke yake chaanza kutuonyesha njia, kama tukikiuliza vizuri.

Je, kosa ni la nani? Kama fundi aliombwa plaketi tu, akaona mafuta ni ya zamani, akamwonya mwenye gari, naye akajibu « Acha, falanga hakuna », mzigo mkubwa ni wa mwenye gari. Kama fundi aliona akanyamaza, kunyamaza kwake ni sehemu ya kosa. Kama shofere alishuka kwa freni tu, bila kutia vitesi vya chini, naye ana sehemu yake. Kalenda haikutuambia hata neno moja la hayo.

Gurudumu likichomoka ni vilevile. Buloni zilizolegea huacha matundu ya rimu yamepanuka kama yai, na nyuzi zake zimelika. Buloni iliyokatika kwa kuchoka huonyesha mistari midogo, mmoja baada ya mwingine, kama alama za maji yanayopungua pwani ya ziwa. Tena gurudumu lililofunguliwa yafaa likazwe upya baada ya kilometa 50 mpaka 100. Fundi alisema hivyo? Mwenye gari alirudi? Au fundi wa mipira kando ya njia alilifungua tena katikati, na hakuna anayemtaja?

Sheria yetu nayo haihukumu kwa kalenda. Dekreti ya 30 Julai 1888, kifungu cha 258, yasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ailipe. Cha 259 chaongeza uzembe na kutoangalia. Yatakiwa mambo matatu: kosa, hasara, na kamba inayofunga hayo mawili. Wengi huleta hasara tu, wakilia. Kifungu cha 260 chamfunga bwana kwa kazi ya watumishi wake. Basi mwenye garaji asimsukume mwanafunzi wake mbele, yeye akijificha nyuma. Na mtu akifa, Kodi ya Makosa ya 30 Januari 1940, vifungu 52 mpaka 54, yafungua mlango wa gereza kwa aliyekosa uangalifu. Upande mmoja kuna mjane asiyelipwa. Upande mwingine kuna kijana atakayefungwa. Si jambo la kukisia.

Lakini chuma hakiwezi kushuhudia kikiwa kimekwisha kuuzwa. Gari lililoanguka hunyang'anywa vipande usiku uleule. Lenye kubaki, mara nyingi huvutwa mpaka uani kwa fundi yuleyule anayeshitakiwa! Mshitakiwa amepewa kulinda ushahidi wake mwenyewe, nasi twashangaa kwamba haukuonekana.

Twataka mambo matatu. Kwanza, kila kazi iandikwe: siku, kilometa, kilichoombwa, kilichofanywa, na kilichokataliwa na mwenye gari, naye atie sahihi. Pili, vipande vya zamani virudishwe kwa mwenyewe. Tatu, gari lililoanguka lisiguswe, lipigwe picha, na liangaliwe na fundi wa tatu asiye rafiki wa upande wowote.

Mtu atatuambia: « Fundi wetu hufanya kazi chini ya mwembe, hana ofisi wala fakitire. » Hahitaji ofisi. Daftari la mtoto wa shule na kalamu moja vyatosha. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Je, si zaidi uhai wa watu? Fundi mwema atakuwa wa kwanza kufurahi, kwa maana karatasi ile itamtetea siku mji mzima utakapomwonyesha kidole. Na fundi mwenye kuikataa, na mwenye gari mwenye kukataa kutia sahihi, hao tuwaulize mapema, gari lingali zima: mwaogopa nini?